Baba Phanice, Walitupa Choo Kimoja na Mkwe

Baba Phanice,

Usishtuke kuona mwandiko. Ni mimi. Baada ya kukuzika nilijiunga na darasa la ngumbaru, maana nilichoka kushikwa kidole na kutiwa wino kila karatasi ikiletwa, kama mwizi. Mwalimu anasema herufi zangu zimelala chali. Nikamwambia aziache zilale, zimetoka mbali.

Nina maneno mengi, na wa kumwagia ni wewe tu. Ulipokuwa hai ulikuwa unatokanga nje nikianza kusema. Leo hutoki.

Yale maendeleo yako yamevuka mto.

Ndiyo, yale uliyoimba kila jioni ukijisugua saruji miguuni. "Mama Phanice, ngoja tu, siku moja hata huku Ng'ambo kutakuwa mjini." Nami nikikuuliza, mji utapita wapi na daraja lenyewe ni magogo mawili? Umejengea watu wa upande wa juu nyumba za mawe maisha yako yote, za sakafu ya kung'aa na maji ndani, halafu jioni unavuka magogo kuja kulala kwenye tope. Nilikutukana sana kwa hilo. Siombi msamaha. Mwashi anayelala kwenye tope ni kama mpishi anayekula kwa jirani.

Basi mwaka wa pili tangu tukupeleke kwenu Khayega, watu wa mradi walikuja. Wakaweka daraja la zege, lori linapita. Wakaleta bomba la maji. Kwenye ile ardhi tuliyokuwa tukichungia mbuzi wakajenga nyumba za kudumu, safu kwa safu, wakasema kila mwenye nyumba ya tope atapewa mlango mmoja wa vyumba viwili, na ya tope itabomolewa. Watu wa juu walicheka sana. "Wale wa Ng'ambo? Wape mwaka mmoja, utaona kuku wamelala kitandani." Mimi kuku wangu walilala ndani, ndiyo, na walikuwa wasafi kuliko watoto wao.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliitaka ile nyumba. Nilienda kuiangalia peke yangu, nikavua viatu, nikakanyaga sakafu. Baridi ikapanda mpaka magotini. Nikafungua mfereji, maji yakatoka, nikaufunga haraka kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe. Nikasema, Baba Phanice angeona. Halafu nikakasirika, kwa sababu hukuona. Ungekunywa ile dawa niliyokuletea ungeona. Lakini wewe na ubishi wako.

Sasa sikiliza walichofanya.

Injinia wao ni kijana mpole, si wa huku. Alipita kila mlango akiuliza nani ni jamaa ya nani. Nikamwambia Phanice ni binti yangu, ameolewa na Shivachi fundi wa baiskeli, wanakaa nyuma ya kanisa. Akaandika. Nikadhani ni yale maandishi yao ya kuandika tu. Siku ya kugawa funguo akasimama akasoma majina. Mlango wa saba, mimi. Mlango wa nane, Shivachi. Akanitazama akitabasamu, "Mama, nimekuwekea binti yako hapo karibu. Ukiugua unagonga ukuta tu."

Watu wote wakatazama chini.

Wewe unajua kwa nini. Tangu Shivachi alipoleta ng'ombe kwetu, mimi na yeye hatujawahi kushikana mkono. Akinikuta njiani anaingia kwenye miwa, nami nageuka upande wa pili kama sikumwona. Sijala mbele yake. Hajanisikia hata nikipiga mwayo. Unakumbuka ile mvua ya mawe ilipotukuta sokoni, tukakimbilia baraza moja la duka, sisi na yeye? Kijana alitoka akasimama nje, mawe yanamgonga kichwani, mpaka mvua ikaisha. Ulicheka ukakohoa. Lakini tulipofika nyumbani ukasema, "Huyo ni mkwe." Ukasema mara moja tu, na tangu siku hiyo sikumsema vibaya tena yule mtu.

Na ile milango ya mradi, Baba Phanice, kila miwili ina choo kimoja na bafu moja. Ukuta wa katikati haufiki kwenye mabati, mkono mzima unapita juu. Yaani nikijamba, mkwe anasikia. Asubuhi nasimama na kopo langu la maji, yeye ndiye anatoka. Nguo zangu za ndani na zake kamba moja. Mtu mzima nitaweka uso wangu wapi?

Si mimi peke yangu. Injinia huruma yake aliisambaza kwa kila mtu. Jirani yetu Rispa akapangwa na mume wa binti yake. Mzee mmoja akapewa choo kimoja na mke wa mwanawe. Yule kijana alituunganisha vizuri kabisa, kila mtu karibu na yule anayepaswa kumkimbia.

Na hakuna aliyefungua mdomo! Hayo ndiyo yaliyoniudhi. Mambo ya wakwe hayasemwi hadharani, basi kila mtu akachukua ufunguo wake, akasema asante, akatia mfukoni, akarudi kwenye tope. Majuma yakapita. Nyumba mpya zikasimama tupu, panya wakaanza kuingia. Watu wa juu wakawa wanavuka daraja kuja kututazama. "Si tuliwaambia? Hao wamezoea uchafu, hata ukiwapa ikulu hawatalala." Nilisikia hayo kwa masikio yangu mawili nikiuza mboga. Mkono wangu ulikuwa na kabichi. Mungu ndiye alinishika.

Kisha ikaja barua. Mwezi ukiisha kabla hamjaingia, milango itapewa watu wengine. Watu wengine gani? Tulijua. Wale wale wa juu, watupangishie nyumba zetu. Baraza likaitwa.

Kabla ya baraza mchungaji alikuja kwangu. Akasema, "Mama, sisi tumeokoka. Mambo ya kuogopa mkwe ni ya zamani." Nikamwambia, mchungaji, juzi mama mkwe wako alipokuja kukutembelea ulipitia wapi? Akaanza kufunga Biblia yake. Nikamwambia, ulitokea mlango wa jikoni, viatu mkononi, nilikuwa kwa Rispa tunakuona. Akaomba, akaenda.

Siku ya baraza watu wakajaa. Watu wa mradi wakauliza, shida ni nini? Kimya. Wakauliza tena, ni rangi? Ni madirisha? Siku hizi za vyama vingi kila mtu ana mdomo, hata watoto wanajua kupiga kelele barabarani, lakini wazee wa Ng'ambo walikuwa wanahesabu kucha zao. Nikaona nyumba zinaondoka hivi hivi, kwa adabu.

Nikasimama. Shivachi alikuwa pale pale kwenye umati, na siwezi kusema mbele ya mkwe nikimtazama. Basi nikageuka nikawapa wote mgongo, nikaongea na lile lori la mradi lililoegeshwa. Watu wakadhani mama amerukwa na akili. Nikaliambia lori, injinia, wewe ni mtoto mzuri lakini umetuvua nguo. Tunataka saruji. Tunataka maji. Nani amekuambia hatutaki? Mume wangu alishika mwiko miaka na miaka akizitamani nyumba kama hizi. Lakini umeweka choo changu na choo cha mkwe wangu kuwa kimoja, na mimi kwenye choo hicho siingii, hata mkinipa na dhahabu ndani yake. Uliuliza nani ni jamaa ya nani. Hukuuliza nani anamwogopa nani.

Nikasikia watu wanapumua. Rispa akapaza sauti, "Na mimi!" Halafu mzee yule, akikohoa, "Hata sisi wengine." Halafu ikawa soko. Nilipogeuka, Shivachi hakuwapo. Alitoroka niliposema neno choo. Mkwe kweli.

Injinia akasema choo ni choo tu, mama, si kila mtu anafunga mlango? Watu walimwonea huruma sana. Lakini kesho yake alikuja nyumbani kwetu, akaketi kwenye kile kigoda chako, akaniuliza polepole, na nikamchorea chini kwa kijiti. Huyu na huyu sawa. Huyu na huyu hapana, waache mbali, safu mbili katikati. Aliandika kurasa nzima. Akasema, "Haya hawakutufundisha." Nikamwambia, ungetuuliza hungehitaji kufundishwa.

Wakakubali tubadilishane milango. Tukaomba na vyoo vya kuongeza, kila mlango chake; wakakataa, wakasema saruji imekwisha. Kuta nazo wakakataa kuzipandisha. Haya. Tukasema tutachimba na kupandisha wenyewe. Wanaume wakachimba mashimo. Wanawake tukabeba matofali kutoka tanurini, mimi pia, na mgongo huu. Mchanga tu ndio ulionishinda, mto uko chini na mimi si msichana. Siku moja nikatoka sokoni nikakuta rundo la mchanga mbele ya mlango wangu mpya, na alama za tairi za baiskeli zinaenda na kurudi, zinaenda na kurudi. Hakuna aliyesema ni nani. Sikuuliza. Nilimpelekea Phanice ingokho, kuku aliyenona, nikamwambia apike vizuri, mtu wake amechoka.

Sasa nisiyasifie sana maendeleo yako, maana nakujua, utavimba hata huko. Matata hayajaisha. Mwanamke mmoja wa upande wa juu, yule uliyemjengea nyumba yenye ngazi, alikuja jana na mkoba wake akiuliza kama nitauza mlango. Anasema huku kumekuwa kuzuri. Kumekuwa kuzuri! Miaka yote hiyo alikuwa anapita akiziba pua. Nikamwambia kilichofanya kuwe kuzuri ni sisi tunaokaa, na ukitutoa utanunua matofali tu. Akasema ataongeza. Nikamwambia aongeze mwendo. Lakini najua ataenda mlango mwingine, na si kila mtu ana shingo ngumu kama mimi. Ndiyo maana nimewaambia wanawake wa Ng'ambo, atakayeuza tutakaa mlangoni kwake na sufuria zetu, tupike hapo, tule hapo, mpaka aone haya.

Nyumba yako ya tope inabomolewa kesho asubuhi. Walitaka kuleta tingatinga. Nimekataa. Tutaibomoa mimi na Rispa na Phanice kwa majembe, na ile miti uliyoisimamisha mwenyewe nitapikia. Nikilia ni moshi.

Haya, Baba Phanice. Lala. Usiningoje kwa haraka, bado nina kazi. Ila nakuahidi hivi. Katika nyumba ile sitoki kwa pesa, wala kwa barua, wala kwa maneno matamu. Nitatoka nimebebwa. Na watakaonibeba nimeshawaagiza: wasipite njia ya nyuma. Wapite juu ya daraja, mchana, katikati ya mji, ngoma za isukuti zikilia, mpaka Khayega nilale kando yako. Wale wa upande wa juu wafunge maduka, wangoje mama wa Ng'ambo apite.

Mimi mke wako,
Mama Phanice