Mume Wangu Haoni Vizuri, na Kila Nikisema Ananiambia Tuombe

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijachelewa. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni, maana ndiko pekee ninakoweza kukaa bila kuulizwa kama niko sawa, na siko sawa. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni dereva wa gari la shule, na kanisani wanatuita Njiwa kwa sababu tangu tufunge ndoa hatujawahi kugombana, hata mchungaji alitusimamisha mbele ya wachumba ili watuige, nami nikatabasamu tu, ilhali mume wangu haoni vizuri na ni mimi peke yangu ninayejua. Alianza kwa kuniachia nisome neno kwenye ibada ya nyumbani, "soma wewe mama, una sauti nzuri," wageni wakasema huo ndio upendo, kisha akawa anamimina chai nje ya kikombe, na juzi akirudisha gari nyuma aligonga nguzo ya geti letu, akashuka, akaipapasa, akauliza nani ameisogeza. Nikifungua tu mdomo, "Baba watoto, hayo macho..." ananishika mikono, "Mama, shetani anataka kutugombanisha, tuombe," tunapiga magoti, na ndani ya sala hiyo hiyo anamshukuru Mungu kwa kumpa mke asiyebishana, sasa hapo nitasema nini tena? Naitikia Amina, basi. Kila asubuhi anaondoka na watoto wa watu, kitinda mimba wetu akiwa kiti cha mbele, nami huku nikisikia honi tu najichoma sindano. Naogopa ajali, ila nisikufiche, naogopa pia uso wake nikimwambia hapana, maana sijawahi, sijui nyumba yetu itabaki kuwa nini. Je, nikimpinga nitakuwa nimevunja ndoa ya Kikristo?

Mke wa Dereva

Mke wa Dereva, pole sana. Nimekusoma hadi mwisho. Sasa nisikilize, na ukitaka kukasirika, kasirika. Hamjagombana kwa sababu mmoja wenu hajawahi kusema. Wewe unaita amani, mimi naita woga. Mitume wenyewe walikemeana uso kwa uso na kanisa halikuanguka, itakuwa ninyi? Mungu hakukupa mdomo kwa ajili ya Amina peke yake. Mumeo naye anaogopa, hajui atakuwa nani akiacha usukani, ndiyo maana anajificha kwenye sala, nawe unamfichia.

Leo hii chukua ufunguo wa gari, utie mfukoni. Mwambie, "Baba watoto, huoni, na kesho huendeshi." Akisema tuombe, mjibu kwamba mtaomba mkitoka kwa daktari wa macho. Usimtukane, usimtaje mama yake, usifukue ya zamani. Sema hilo moja, na usilimung'unye. Akipandisha sauti, kaa. Akilia, kaa naye. Huenda macho yanatibika, lakini hamtajua mkiwa mmeyafumba. Akikataa kabisa, mpigie mwalimu mkuu simu, tena mumeo mwenyewe akisikia, asije akasema ulimzunguka.

Atanuna, najua. Mwache anune, mume aliyenuna mtapatana. Lakini siku mzazi wa mmoja wa watoto hao wa shule akikusimamia mlangoni akuulize kama ulikuwa unajua, dada yangu, utamjibu nini?