Ini Bichi la Ubatizo

Ghattas, soma hii na usicheke. Nimelazwa.

Nilikuja kwa sababu ya ganzi ya nyayo tu. Daktari, binti mdogo, akanigonga goti kwa kinyundo. Halikuruka. Akagonga tena. Halikuruka!

Akauliza kama niliharisha hivi karibuni. Nikamjibu, "Binti yangu, tumbo hili ni chuma."

Mke wangu Najla akadakia mbele ya watu: "Chuma gani, mzee? Baada ya lile ini bichi la mbuzi kwenye ubatizo wa mjukuu, si ulihamia chooni?"

Daktari hakucheka. Nilimfanya anieleze mara mbili, unanijua. Kijidudu cha tumboni kilikufa, lakini askari wa mwili waliokiua hawajatulia. Sasa wanashambulia mishipa yangu ya fahamu, wakidhani ni kile kile. Ganzi hupanda. Ikifika kifuani, pumzi hukatika.

Imeshafika magotini, Ghattas.

Na sahani ile ya ini tulikula wawili. Jana ulinisimulia, tukacheka, kwamba kiatu kilikutoka mguuni sokoni Zahle bila wewe kuhisi.

Njoo hospitali sasa hivi. Usiendeshe gari. Mwambie mwanao akulete.