Matumbo ya Samaki Katika Friza ya Bi Lempi

Mpendwa Mshauri Alma,

Naomba uniokoe kabla ya Jumamosi, maana baada ya hapo hakutakuwa na cha kuokoa, mimi ni mgane, fundi mabomba mstaafu wa hapa Kuopio, na kila Julai kwa miaka minne nakodi kibanda cha Bi Lempi Karvonen kando ya ziwa, wiki moja, navua samaki, naoga sauna, narudi mjini, na mwanzoni nilikuwa nafuata samaki kweli lakini sasa samaki ni kisingizio tu, nampenda Bi Lempi, basi nimesema, ila yeye mwenyewe sijawahi kumwambia.

Bi Lempi ana sheria moja ambayo haina mzaha. Uchafu wa samaki hautupwi ziwani, kwa sababu shakwe wanajaa gatini na watoto wanaogelea palepale, hautupwi kwenye choo cha nje, kwa sababu kuna mpangaji alijaribu na nzi wa mwaka ule wanasimuliwa hadi leo, wala hauzikwi kidogokidogo kila siku, kwa sababu mbweha wanafukua, bali unautia kwenye sanduku, unaligandisha kwenye friza kubwa iliyo bandani kwake, maana kibandani hakuna umeme, na siku ya kuondoka unachimba shimo moja la kufika magotini kule msituni, unamwaga, unafunika kwa majivu ya sauna na udongo na jiwe juu. Na hilo sanduku ni lazima ulifunge uzi mwekundu. Watu wa mjini hufunga uzi. Mimi sikufunga, nilishajiona mwenyeji.

Sasa unatujua sisi na masanduku ya aiskrimu, hakuna nyumba inayoyatupa, na ndani ya friza masanduku hayo yana kila kitu duniani isipokuwa aiskrimu. Siku ya kuondoka nikachukua sanduku langu la vanila, nikachimba, nikatanguliza majivu, nikaligeuza sanduku, nikaligonga kwa mpini wa sepetu, likadondoka donge la rangi ya chungwa. Lakka, Mshauri, vile vitunda vyetu vya porini! Lakka za Bi Lempi, alizochuma moja moja huku mbu wakimla, kwenye kinamasi ambacho hata dada yake wa tumbo moja hajaonyeshwa kilipo, na alikuwa amezihifadhi kwa sherehe yake ya kutimiza miaka sabini, Jumamosi hii ya Septemba. Ningeweza kuliokota lile donge nikaenda kukiri, lakini wakati huohuo nikamsikia akiniita kutoka uani, "Hyttinen! Kahawa inapoa! Unazika samaki au nyangumi?" nikashikwa na woga wa kitoto, nikafukia, nikaweka na jiwe.

Kahawa nilikunywa bila kuionja. Nilitaka kurudi bandani kulitoa lile sanduku la matumbo, lakini Bi Lempi alikaa mlangoni kabisa akimenya njegere, na hakunyanyuka mpaka nilipowasha gari. Kwa hiyo lakka ziko shimoni, na matumbo yangu ya samaki yako kwenye friza yake, yakisubiri kuwekwa juu ya jibini ya moto, kama lakka zinavyoliwa, mbele ya mchungaji na kwaya nzima!

Jana akapiga simu. "Hyttinen, Jumamosi unakuja au huji?"

"Nakuja, Bi Lempi."

"Basi uwahi asubuhi, kabla watu hawajaanza kuingia. Na uje na sepetu."

"Sepetu ya nini tena siku ya sherehe?"

"Wewe njoo nayo. Kazi ipo."

Akacheka, na Bi Lempi si mtu wa kucheka kwenye simu, nadhani anataka nimchimbie viazi. Nimemweleza binti yangu Kaisu, badala ya kunihurumia akacheka mpaka akakaa sakafuni, anasema, "Baba, mchungaji akishabariki hayo matumbo, nani atathubutu kutoyala?"

Nimeshanunua lakka sokoni. Je, niende Ijumaa akiwa kwenye mazoezi ya kwaya nikabadilishe sanduku kimyakimya, au nijifanye mgongo umenishika nisiende kabisa? Akinifukuza sitaki kibanda kingine wala ziwa jingine. Nisaidie.

Wako,
Oiva Hyttinen

*

Bwana Oiva,

Pole. Hiyo pole ndiyo pekee utakayoipata kwangu leo, kwa hiyo itumie vizuri.

Fundi mabomba mzima, umeishi kwa kufungua na kuchungulia, ukashindwa kuchungulia sanduku la aiskrimu! Uzi mwekundu uliona ni wa washamba wa mjini, haya, umeona mwenyewe. Na majivu unayatanguliza chini ili yafanye nini? Majivu hukaa juu ya uchafu, yakate harufu, ndiyo maana mbweha anapita zake. Miaka minne umekodi pale na hujui hata kuzika.

Sasa sikiliza, maana umeisimulia habari yote na hukuielewa hata wewe mwenyewe. Viazi huchimbwa kwa uma wa shamba. Sepetu inavikata. Bi Lempi amelima viazi tangu utotoni, hawezi kukuagiza sepetu kwa ajili ya viazi. Na mwanamke anayepangisha kibanda hukagua friza kabla vumbi la gari la mpangaji halijatua. Alifungua lile sanduku siku ileile, Bwana wangu. Anajua. Nina hakika kabla hujafika njia panda alikuwa ameshajua, na huenda alishashuku hata pale alipokaa mlangoni akimenya njegere, anakupa nafasi ya kusema. Ukanywa kahawa ukaondoka!

Swali ambalo hukujiuliza ni hili: kwa nini hakukufokea? Kwa nini hakuyatupa yale matumbo, akampa mtu mwingine wiki yako ya Julai? Amepoteza lakka za kiangazi kizima, na bado amekutunzia uozo wako kwenye friza yake hadi Septemba ili uje uuzike mwenyewe, asubuhi, kabla ya macho ya watu. Mimi nimejibu barua nyingi za wanaume waliopendwa bila kujua, lakini wewe umenichosha.

Kwa hiyo, Ijumaa hukanyagi kule. Ukikamatwa bandani na lakka za sokoni mkononi, hapo ndipo utakapofukuzwa, na mimi nitamsaidia kufunga geti. Kosa la kwanza lilikuwa uzembe, hilo la pili lingekuwa hila. Lakka za sokoni kaleni wewe na Kaisu. Mgongo wako hauumi. Jumamosi asubuhi uwe umeshafika, umenyoa, sepetu mkononi, na kabla hajafungua mdomo wewe sema: "Bi Lempi, nilizika lakka zako na nikaogopa kukwambia." Usiongeze habari ya mvua wala ya barabara. Kisha chimba, mpaka magotini, matumbo chini, majivu juu, udongo, jiwe. Nawa mikono kwa sabuni, mara mbili. Halafu mwambie lile jambo la pili uliloniandikia mimi badala ya kumwandikia yeye. Kisha nyamaza, umwache ajibu. Akikwambia ukawashe moto wa sauna wageni wakishaondoka, hilo ni jibu, usirudi kuuliza alikuwa na maana gani.

Na ikikujia kuahirisha, kuna jambo dogo. Katika barua yako yote hukuniomba nifiche majina, nami sikuyaficha. Gazeti hili hufika kwenye masanduku ya barua ya kule ziwani Alhamisi, kabla ya chai.

Bi Lempi, najua umesoma mpaka hapa. Jumamosi ukisikia gari lake, mfungulie. Amechelewa miaka minne, na kuchimba hajui, lakini anakuja na sepetu yake mwenyewe.

Alma