Goti Ulilolichora

Baba Watoto,

Nimekwenda hospitali kuchomwa ile sindano ya goti. Nguo zikikauka, zianue.

Asubuhi nimeamka nina alama gotini! Umenichora usingizini kwa ile kalamu nyekundu unayotilia alama mbao, eti daktari asikosee. Ahsante, fundi. Ila umechora goti zima, la kulia! Bovu ni la kushoto. Kwenye mbao hukosei, kwa mkeo ndiyo unakosea?

~~Leo jipikie mwenyewe.~~ Chakula kipo kwenye sufuria, kipashe moto.

Na hilo hilo zima ndilo unalonikanda kila jioni. Nimenyamaza muda wote huu maana nilikuwa nafaidi. Basi mgawane na daktari: la kushoto lake, la kulia lako. Sindano isaidie isisaidie, jioni nakungoja.

Mama Watoto