Tende za Bwana Athmani

Jumanne, Ramadhani

Eti bahili anaweza kugeuka? Mwalimu aliniuliza hivyo kuhusu yule mzee mchoyo wa riwaya ya Kiingereza tunayosoma, nikainama kwa haya. Moyoni nilisema hawezi. Jirani yetu Bwana Athmani kila Ramadhani hula futari tunayompelekea na sahani huirudisha tupu, jambo ambalo hapa Amu halifanywi.

Leo kabla ya Magharibi alibisha hodi mwenyewe. Safari hii sahani yetu ilikuwa na tende.

"Mwambie mamako zimekauka kidogo," alisema bila kunitazama. "Nimeziweka siku nyingi mno."

Mama aliziacha tende zetu laini, akafuturu kwa hizo. "Tafuna, mwanangu. Usikunje uso."

Zilikuwa ngumu kweli. Kokwa moja nimeiweka chini ya mto. Mwalimu akiniuliza tena, Yarabi nipe sauti.