Ukitafuta Jina la Shemeji Yangu

Jumanne. Mvua imeanza alfajiri na mtaa wetu wa Shanwe wote ni matope. Sina raha, na leo sitajifanya.

Asubuhi nimempiga mtu na chupa ya chai. Ile kubwa ya chuma. Nimempiga usoni, mlangoni mwa wodi ya wanaume, mbele ya manesi, na kama mlinzi asingenidaka mkono ningempiga tena.

Walikuja wawili, siwafahamu, wamevaa makoti ya mvua na fimbo wanazo. Wakamuuliza nesi, "Yule mwizi wa ng'ombe wa Sibwesa amelazwa wapi?" Nesi hakuwahi kujibu, nilijibu mimi. Walipokuwa wanatolewa nje, mmoja anajifuta damu puani, mwenzake akaninyooshea simu yake nione kioo. Nikaona.

Ulikuwa ukurasa wangu. Niliuandika mimi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Nina chumba kimoja cha kompyuta Mpanda mjini, na wateja wangu ni wenye gesti za karibu na stesheni, wauza spea za bajaji, mama mmoja wa asali. Nawatengenezea tovuti, halafu nawafundisha namna ya kuonekana mtu akitafuta mtandaoni. Pembeni nina tovuti yangu mwenyewe, ya mifugo iliyopotea na iliyookotwa, kwa sababu sisi tuliohamia huku na ng'ombe tunajua uchungu wa kuamka ukakuta zizi liko wazi.

Somo langu la kwanza ni lile lile kwa wote. Andika neno analoandika mteja, achana na neno unalolipenda wewe. Mwenye gesti anataka niweke "malazi bora yenye hadhi". Nani ameshuka kwenye treni na begi lake akaandika hivyo kwenye simu? Anaandika "gesti bei rahisi Mpanda". Basi hilo ndilo liwe kichwa cha ukurasa. Taja mji. Picha ipunguze uzito ifunguke hata mtandao ukisuasua, na uieleze kwa maneno ni picha ya nini. Ukifanya hayo tu, umeshawapita wengi wa hapa mjini.

Wiki iliyopita shemeji yangu Masanja, mdogo wake mume wangu, alikuta ng'ombe wageni wamejichanganya na wa kwake malishoni. Yeye anaishi na kulima Sibwesa. Alifanya kila kitu sawa. Alitoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, akawafungia ng'ombe zizini kwake, akawapaka tope juu ya chapa. Hiyo ni kawaida yetu: ukiokota ng'ombe unaficha chapa, ili anayekuja kudai aitaje mwenyewe kwa mdomo wake. Ukiiacha wazi, kila tapeli ataiona na kusema ni yake. Halafu akanitumia picha, amesimama katikati ya ng'ombe, anacheka, na lile jino lake la mbele lililovunjika tangu utotoni. "Shemeji niwekee hiyo, mwenyewe akitafuta awapate."

Nikaweka. Kwanza niliandika "Ng'ombe waliookotwa Sibwesa". Kisha nikaenda kuangalia watu wanaandika maneno gani mpaka wanafika kwenye tovuti yangu. Hakuna anayetafuta ng'ombe waliookotwa. Mtu aliyepotelewa haamini kwamba ng'ombe wamepotea tu, kwake yeye wameibwa, na ndivyo anavyoandika. Basi nikafanya ninachowafundisha wengine. Kichwa nikaweka "Ng'ombe walioibwa Sibwesa: Masanja", na namba yake. Chini nikaeleza vizuri kabisa, aya nzima: wameokotwa, mwenyekiti anajua, chapa imefichwa kwa makusudi, mwenye nao aje aitaje.

Haukupita muda ukurasa ukawa wa kwanza. Nilimwonyesha mume wangu, Baba Limi, nikajisifu hadi akacheka.

Mtu akitafuta haoni aya. Anaona kichwa, jina na kipande cha picha. Hilo nalijua, ndiyo kazi inayonilisha.

Jumamosi ndugu watatu waliokuwa wanasaka ng'ombe wao waliona hayo tu. Neno walioibwa. Jina la Masanja. Mwanaume anacheka katikati ya ng'ombe waliopakwa tope kwenye chapa. Mwizi gani tena wa kutafuta? Hawakufungua. Wakapiga mwano, ule ukunga wetu wa kuitana wizi ukitokea, na watu wakaungana nao njiani.

Walimkuta anapalilia mahindi. Kuna mtu alirekodi, na video imezunguka kwenye magrupu mpaka imenifikia. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Fimbo ya kwanza inampata mgongoni, ya pili kwenye taya. Anasema "ngojeni, ngojeni", halafu hasemi tena kwa sababu taya limeshaachia. Wanampiga wanavyopiga nyoka, wamesimama mbali kidogo, wanapokezana. Mmoja anaokota jembe la Masanja mwenyewe na kumpiga nalo mguuni. Ule mguu unasikika ukivunjika. Kuna mtu anacheka, na mpaka sasa sijui ni nani, nimemtafuta kwenye ile video kwa macho yangu yote.

Walipochoka, mmoja wao akaenda zizini na ndoo ya maji akawamwagia ng'ombe. Tope likatoka, chapa ikaonekana.

Haikuwa chapa yao.

Watu wakatawanyika, na Masanja akabaki kwenye mahindi mpaka majirani walipokuja kumbeba. Daktari anasema taya litaunga, mguu utaunga. Jicho la kushoto hajui.

Jumamosi hiyo hiyo nilibadilisha kichwa. Nikatoa picha. Nikaomba ukurasa upitiwe upya. Lakini injini ya utafutaji haina haraka yako, inaendelea kuonyesha ilichokihifadhi mpaka siku itakayopita tena. Na huku watu wamesambaza kiungo cha ukurasa wangu kila mahali, na kila anayekiweka anauinua zaidi. Nawafundisha hilo pia wateja wangu, kwamba ukitajwa na wengi unapanda. Ndiyo maana wale wawili wa leo wamefika. Jumamosi hata hawakuwepo. Wametafuta, wameona, wakabeba fimbo. Na wapo wengine nisiowajua ambao nao wanatafuta.

Mchana nimerudi nyumbani nikamkuta Baba Limi ananoa panga kwenye jiwe uani, mvua inamnyeshea.  Ameongea bila kuinua uso.

"Mama Limi, waandike wale ndugu. Majina, kijiji chao, na picha uitoe kwenye video. Wafanye wa kwanza kama ulivyomfanya mdogo wangu. Wengine watatumalizia."

Na mimi nilitaka. Siandiki uongo hapa. Nilikaa kwenye kompyuta na mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa. Nikaandika kichwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika: "Wauaji wa Sibwesa". Hajafa mtu, lakini hilo ndilo neno watu wangeliandika. Nikaweka majina yao matatu na kijiji. Nikakata picha kwenye video, sura zote tatu zinaonekana, nikaipunguza uzito, nikaieleza vizuri. Moyo ulikuwa unanidunda kwa raha. Nilikuwa nawaona wanakimbizwa kwenye mahindi na wao, wanasema ngojeni, na hakuna anayengoja. Niliitaka hiyo sauti ya mguu. Niliitaka kwa yule wa jembe hasa.

Chini nikaeleza yaliyotokea, na sikuweza kuyaeleza nusu. Masanja hawezi kuongea, taya limefungwa waya, lakini jana alichukua simu yangu akaniandikia habari za mdogo wa wale ndugu watatu, yule mwenye shati la kijani: huyu ndiye aliyenilalia. Nikarudi kwenye video, nikaitazama hadi mwisho kabisa. Kweli. Kaka yake anainua jembe mara ya pili, alielekeze kichwani, na yule kijana anajitupa juu ya shemeji yangu. Jembe linamshukia yeye mkononi. Amelazwa wodi ile ile, kitanda cha dirishani, mkono uko kwenye plasta. Nimempita kila siku bila kumsalimia.

Hayo nayo nikayaandika, nikamwita Baba Limi asome kabla sijabonyeza. Akaja na panga lake. Akainama, akaangalia kichwa, akaangalia picha.

"Tosha. Weka."

"Umesoma huku chini?"

"Ya nini? Si nimeona."

 Nikamwachia kiti, nikamwambia akae asome, na asome kwa sauti. Akasoma kwa hasira, mstari kwa mstari, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Alipofika kwenye shati la kijani akasimama, akarudia ile sentensi. Akaniuliza ni yupi. Nikaweka kidole kwenye picha, yule wa kulia.

"Huyu wangemuua," akasema.

"Wangemuona tu kwenye picha, basi. Huku chini wasingefika."

 Akainuka, akatoka. Panga ameliacha mezani kwangu, juu ya karatasi za wateja, bado limelowa.

Nimeufuta wote ule ukurasa wa wale ndugu, na picha yake. Nyie wateja wangu mnaopita hapa, nawaomba kitu kimoja ambacho sikuwafundisha: kabla hamjaweka kichwa, kisomeni peke yake na picha yake, kana kwamba chini hakuna neno lingine, kwa sababu wengi hawatafika huko chini. Kama peke yake ni uongo, msikiweke, hata kama kitawafanya wa kwanza.

Sijawasamehe wale kaka wawili wa yule kijana. Sitaki mtu anisome vibaya. Kesho asubuhi napeleka video polisi, na nikikutana na yule wa jembe barabarani sijui mikono yangu itafanya nini.

Jioni hii nimetafuta tena jina la Masanja. Ukurasa ule ule bado ndio wa kwanza. Ng'ombe walioibwa, na yeye anacheka na jino lake.

Kwa hiyo nikitoka polisi nakwenda moja kwa moja hospitali. Nitakaa kwenye lile benchi la mlangoni, shemeji yangu nyuma yangu na yule kijana wa dirishani nyuma yangu, niwe natafuta lile jina kwenye simu tena na tena mpaka kile kichwa kibadilike. Na chupa ya chai nitaibeba.