Kamba ya Kisima na Chuma cha Sajini

Nyumba za Reli,
Nairobi

Kwa mdogo wangu Mwanakombo, Msambweni,

Salamu zangu zikukute umeketi vizuri, umekula, na goti lako limetulia. Nauliza goti kwa sababu nakujua: utaumwa usiseme. Mimi ni mzima kwa uwezo wake Mola, ila roho haikai. Anayeandika ni mwanangu Bakari, nami nimemkalia mbele kama askari, maana ana tabia ya kuyapunguza makali maneno yangu. Nikisema "mpumbavu", yeye huandika "asiyefikiri". Leo nimemwambia aandike nisemavyo.

Barua yako alinisomea, nikamwambia rudia, akarudia. Kwamba kaka yetu ataka nyumba yangu akae mwalimu wa skuli baada ya mfungo, kwa kuwa mwanamke asiyeweza kujitekea maji hana la kufanya na nyumba ya peke yake. Mwambie nimesikia. Mwambie pia yeye tangu azaliwe hajajitekea hata maji ya kutawadha, na hakuna aliyempokonya nyumba.

Tangu siku ile sikai nikakalika. Huku maji hutoka ukutani, unafungua yanakuja. Mke wa Bakari haniachi nioshe hata kikombe. Naketi, nasimama, nachungulia dirishani, narudi kuketi. Kuku aliyefungwa mguu ana safari kunishinda mimi.

Sasa nikueleze habari ya mgongo ulionileta huku. Wakumbuka nilivyoumia. Nilikuwa nimeizungusha kamba kiganjani, kama sote tulivyofunzwa na mama, ili ndoo isituponyoke. Maana ndoo ikizama, uende ukaazime kulabu ya kuiopolea, na kisima kizima kikucheke mpaka Idi. Basi ndoo ikanasa kwenye jiwe, ikachomoka ghafla, ikauvuta mkono, na mkono ukauvuta mgongo. Kilio chenyewe ulikisikia.

Hapa jirani yetu wa chini ni mzee aliyekuwa askari zamani, wote humwita Sajini. Ana fimbo ya chuma, huku na huku ametia makopo yaliyojazwa saruji. Kila asubuhi huinama uani akaivuta kuja tumboni, kama avutaye kasia huku amesimama. Mgongo wake, Mwanakombo, ni ubao wa mvule, na mtu mwenyewe mvi tupu. Daktari alishaniambia mgongo wangu wataka nguvu, si kulala. Nikateremka, nikamwambia Sajini anifunze.

Bakari akashika kichwa. "Mama, watu watasema nini?"

"Watasema mama yake Bakari ana nguvu kumshinda Bakari."

(Hapa ameweka kalamu chini. Andika, baba. Andika.)

Sajini ana adabu zake. Yeye husimama kule mlangoni, na mkewe ndiye anishikaye mgongo. Nikajifunga leso sawasawa, nikainama, magoti nikayalegeza, nikaikamata ile fimbo kwa nguvu zangu zote, kama kamba ya kisima. Sajini akapiga kelele: "Mama! Wewe nanyonga hiyo ya nini? Hiyo si kuku ya sikukuu!"

Nikamwambia nisipoikaza itaanguka.

"Wacha ianguke! Ardhi iko. Vidole ifanye kama ndoano, basi. Mkono ni ndoano tu. Kazi ni ya mgongo."

Mwanakombo, jambo hili dogo lilinisumbua kuliko uchungu wa kuzaa. Mkono wangu haujui kushika bila kunyonga. Nikikaza vidole, mabega yanapanda masikioni na kiuno kinalia. Mkewe akanigeuzia viganja vikatazama juu, akanigusa viwiko: "Anza na hivi, mama. Vipite karibu na mbavu, chuma kije kitovuni." Kisha akaweka kidole katikati ya mifupa ya mabega, akaniambia nikibane. Nilipokibana, nikahisi mgongo umeamka, bila maumivu. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Ndipo ikaja barua yako. Kwa hasira nikashuka uani Sajini hayuko, nikaongeza makopo yake makubwa. Nilitaka nipone siku ile ile, nipande gari la moshi jioni. Nikakaza ngumi, nikavuta kwa hamaki ya kaka. Kiuno kikaniambia lake. Nikalala kifudifudi juma zima, na Bakari akapata la kusema: "Si nilikwambia, mama? Kaa hapa, utunzwe." Sajini naye aliporudi hakunigombeza, aliyatoa makopo makubwa akaniachia madogo kabisa, ya maziwa. Aibu gani! Lakini nikayavuta hayo hayo, asubuhi kwa asubuhi, vidole ndoano, viwiko mbavuni.

Juzi Bakari akasema tumalize ubishi. Akafunga kamba kwenye ndoo ya maji iliyojaa, akaiweka uani, nami nikasimama roshani ya juu. "Ukiipandisha, mama, nakupeleka Msambweni mwenyewe. Ukishindwa, tusiseme tena."

Nyumba nzima wakatoka kutazama. Nikavuta. Ikapanda, ikapanda, ilipofika nusu nikahisi kiuno kinaanza. Mkono wangu ukataka kuizungusha ile kamba kiganjani. Sajini chini ananitazama vidole. Basi, mdogo wangu, nikafanya nisilolifanya maisha yangu yote: nikaiachia. Ndoo ikaanguka paa! Maji yakamrukia Bakari mpaka kofia.

"Umeshindwa, mama," akasema, na sauti yake haikuwa na furaha.

"Itie nusu."

"Nusu si maji."

"Nusu mara mbili ni nini? Skuli ulikwenda kufanya nini?"

Akaitia nusu. Ikapanda kama mtoto aitwaye na mamake. Nikaimwaga, nikamteremshia, nikavuta nusu nyingine. Bakari akapanda ngazi, akakishika kiganja changu akakitazama, hakina alama ya kamba. Akasema, "Basi nitaomba ruhusa kazini." Muulize kama nasema uongo, ndiye huyu anaandika na kamasi zinamtoka.

Kwa hiyo mwambie kaka mwalimu wake amtafutie kwingine. Ile ndoo yangu kubwa ya bati mpe wifi yetu mpika maandazi, mimi nitafutie kindoo kidogo. Wanawake wa kisimani waambie Bi Mwanasiti sasa ateka nusu nusu, na mwenye kucheka acheke nikiwapo.

Nisalimie shemeji wa Funzi, mwambie samaki wangu asimkaushe sana. Nisalimie mkwe wetu wa Shimoni na tumbo lake, Mungu amfungue salama. Wajukuu wote wabusu, hata yule mwizi wa sukari.

Fagia nyumba, fungua madirisha. Mtungi uoshe, uuache mtupu. Usinijazie.

Mimi dada yako akupendaye,
Mwanasiti